Maziwa Kopo

Mtaani walidhani anatoza kodi. Mwanawe, fundi wa majokofu, ndiye aliyeanza. Kila alipoulizwa mama yake anafanya nini kule hospitali, alijibu kwamba anaweka kodi, akimaanisha "code" za Kiingereza, zile namba zinazogongwa kwenye kompyuta mbele ya jina la kila mgonjwa. Wapangaji wenzao wakawa wanamwamkia kwa heshima yenye woga kidogo, na jina likamkaa: Mama Kodi. Mwanzoni alilikataa, kisha akalizoea kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kukaa. Chumba cha masijala kilikuwa na feni isiyo na kifuniko, kompyuta ambayo herufi zake zilikuwa zimefutika kwa kugongwa, na dirisha lililotazama kamba za kuanikia mashuka ya wodini. Mafaili yalishushwa kutoka wodi ya wazazi, na kwa kila mtoto aliyezaliwa Mama Kodi alisoma muuguzi ameandika nini kuhusu chakula chake, kisha akaweka namba. Moja ni maziwa ya mama tu. Mbili ni maziwa ya mama na kitu kingine. Tatu ni hicho kitu kingine peke yake. Mwisho wa mwezi namba zilijumlishwa zikapelekwa juu, na huko juu watu ambao hawajawahi kumshika hata mtoto mmoja kati ya hao waliamua kama hospitali inafaa au haifai.

Alikuwa hodari na alijijua. Aliweza kusoma mwandiko wa daktari aliyeandika huku anakimbia. Hakuwa mtu wa kubahatisha, na waliobahatisha aliwatazama kwa jicho la pembeni. Ila tangu wodi ya watoto njiti ipate muuguzi mpya, mafaili ya huko yalimtia uchungu. Zamani Moja zilijipanga zenyewe, lakini sasa Mbili zilikuwa zimeota kama magugu. Kila alipofungua alikutana na mwandiko ule ule mnene: asubuhi, maziwa kopo, mchana, maziwa kopo, jioni, maziwa kopo, usiku, amejaribu titi. Na maziwa ya kopo kila mtu anayajua, ni yale ya unga ya dukani. Mama Kodi alisonya, akagonga Mbili, akavuta faili jingine.

Mkuu wa ubora, kijana mpole mwenye tai fupi, aliona mstari wa chati ya ukutani kwake unateremka, akakosa raha. Akaanzisha darasa. Kila mama mwenye Mbili, kabla ya kupewa ruhusa ya kwenda nyumbani, alikaa kwenye benchi la koridoni akafundishwa na mshauri wa lishe faida za maziwa yake mwenyewe. Mwisho wa somo alisimama, akamtazama mwanawe usoni na kusema mbele ya wenzake: "Nisamehe mwanangu, sitakupa tena kopo."

Mama Kodi alilisikia darasa hilo likipita dirishani, akaliona zuri. Alijiona na yeye ana mkono wake humo.

Mkwewe alijifungua kwa upasuaji, kabla ya siku zake.

Nyumbani walimwita Kasuku, tangu wiki aliyoingia kama bibi harusi. Alizungumza na sufuria, alizungumza na redio, aliibishia mvua. Mama Kodi alijifanya anachoshwa naye, lakini siku Kasuku akienda kuwasalimu wazazi wake, mama mkwe alizunguka chumba kimoja hadi kingine kama aliyepoteza ufunguo. Mtoto alipotoka, mdogo kuliko kiatu cha baba yake, Kasuku aliambiwa kwamba huyu ni njiti. Akasema kama ni njiti, basi jina lake Kibiriti. Wauguzi walicheka, na Kibiriti ndilo likaandikwa kwenye kipande cha plasta juu ya kitanda chake.

Baada ya siku kadhaa faili la Kibiriti likashuka masijala. Mama Kodi alilitambua kabla hajasoma jina la mama. Akalipangusa kwa kiganja kama lina vumbi, akalifungua taratibu, na macho yake yakatua pale: maziwa kopo.

Hakugonga kitu. Alitoka mapema, akapanda wodini na chupa ya chai, akamkuta mkwewe ameketi kitandani, kanga mabegani, amemlaza Kibiriti kifuani ngozi kwa ngozi. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akaanza kwa mbali, akauliza usingizi, akauliza mgongo, ndipo akafika alikokuwa anakwenda.

"Mwanangu, ni kweli mnatumia kopo?"

"Ndiyo mama," Kasuku alijibu, uso umemchangamka. "Kunyonya bado hajaweza, kinywa chenyewe hiki hapa, kama tundu la sindano. Sista amenifundisha. Kidogo kidogo, hata hapaliwi."

"Na yako hayatoki?"

"Yanatoka, ila kwa shida."

"Na wewe unaona sawa tu."

"Naona anashiba, mama. Hilo kopo limetuokoa."

Mama Kodi alimimina chai, akaifunika, akasahau kumpa. Aliteremka ngazi akiwa na maneno mengi kifuani na hakuna hata moja lililomfaa. Angekana, angelia, angesema walimlazimisha, ningemwelewa, aliwaza. Lakini kusema hivyo na meno nje, mkwe wa mtu anayeweka hizo namba! Alirudi kwenye kiti chake akagonga Mbili kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Kuanzia hapo chai ya Kasuku ilipelekwa na mumewe. Mama Kodi alisema miguu inamuuma. Mwanawe alipomuuliza mara ya pili, alimjibu huku anakunja nguo, bila kumtazama, kwamba mkeo amechagua njia rahisi, basi na mimi niache nipumzike. Fundi hakuelewa, na kwa kuwa hakuelewa, aliyapeleka maneno hayo kama yalivyo.

Kibiriti alinenepa. Mashavu yalitokeza, mikunjo ya mapaja ikaanza kujaa, na siku ikafika daktari akasema huyu sasa aende kwao. Kasuku akafunga vitu vyake kwenye mfuko. Ndipo mhudumu akamwonyesha benchi.

Habari za darasa la siku hiyo zilifika masijala kabla darasa halijaisha. Walisema mshauri wa lishe alifundisha vizuri kama kawaida, akina mama wakainamisha vichwa kama kawaida, kisha wakaanza kusimama mmoja mmoja kuwaomba watoto radhi. Mmoja alisema kwa sauti ndogo hata akaambiwa arudie. Mwingine alilia. Zamu ya Kasuku ilipofika alisimama, akamtazama mtoto, akamtazama mshauri, akauliza kwa mshangao wa kweli:

"Niombe radhi kwa ajili ya kopo? Sasa mlitaka nimmiminie kwa kiganja?"

Benchi zima likaangua kicheko, hata yule aliyekuwa analia. Mshauri hakucheka. Alidhani anadhihakiwa. Akamwambia hayo maneno ni utaratibu, na bila hayo ruhusa haitasainiwa. Kasuku akajibu kwamba yeye hakumkosea mwanawe kitu. Akaketi.

"Siombi radhi," alisema.

Mfuko wake ukafunguliwa tena, nguo zikarudi kwenye kabati la kitanda. Kwenye faili likaongezwa neno mkaidi. Mchana mshauri alimpitia Mama Kodi masijala, akazungumza naye kwa upole unaouma: mama, wewe ni mwenzetu, unajua umuhimu wa hili jambo, hebu zungumza na mkweo. Wenzake wa mezani walijifanya wanasoma.

Alikwenda. Alimkuta Kasuku amesimama dirishani na mtoto.

"Sema tu, mwanangu," alimwambia. "Ni maneno tu. Yaseme uje nyumbani."

"Kumbe ni kweli," Kasuku alisema. "Nilidhani mume wangu hakusikia vizuri. Na wewe mama unaona nimechagua njia rahisi."

Mama Kodi alisema mambo ya faida, ya kinga, ya afya ya mtoto, maneno yale yale ya koridoni, na alivyozidi kuyasema ndivyo yalivyozidi kukauka. Kasuku hakubisha hata moja. Alikwenda kitandani, akajilaza, akageukia ukuta. Mtu aliyeibishia mvua alikuwa amenyamaza.

Mwanawe alimjia asubuhi ofisini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alisimama mlangoni na mikono yake yenye grisi, akaiweka nyuma asishike kitu.

"Mama, naomba ruhusa yako," alisema. "Nikanunue maziwa ya dukani."

"Si mmeshayatumia siku zote? Leo ruhusa ya nini?"

"Hatujawahi kununua, mama. Tangu lini? Ila tangu jana amekataa kukamua. Anasema kama maziwa yake yakipita kwenye kopo yanakuwa dhambi, basi mtoto apewe hayo mengine, yasiyo na lawama. Matiti yamemjaa, ana homa kidogo, analia na hataki kuguswa. Kibiriti naye analia. Mimi sijui nimshike nani."

Mama Kodi hakuelewa, ila alisikia neno kukamua. Alisimama. Akamwambia mwanawe asiende popote. Alipanda ngazi zile alizosema zinamuumiza miguu bila kuhisi kama anapanda.

Wodini muuguzi mpya, mwanamke mkubwa mwenye sauti ya mtu aliyelelewa kwenye nyumba ya watoto wengi, alikuwa anambembeleza Kibiriti begani. Alipomwona Mama Kodi hakumpa hata salamu.

"Bibi wa Kibiriti, afadhali umekuja. Mwambie mkweo akamue, maziwa yatamganda. Akamue hata kidogo tu, nimpe mtoto." Kisha akamgeukia mhudumu. "Niletee kopo la Kibiriti."

Mhudumu alileta sinia. Juu yake palikuwa na kitu kidogo cha plastiki, cheupe, kifupi kama kifuniko cha chupa ya chai, kimechemshwa na kufunikwa kwa kitambaa. Kilikuwa kitupu. Kilisubiri.

"Hilo ndilo kopo?" Mama Kodi aliuliza.

"Unataka liwe lipi?"

"Hiki si kikombe?"

"Kikombe kina mkono," Sista alisema, akimpigapiga mtoto mgongoni. "Kisicho na mkono ni kopo. Mimi nimekua hivyo, na uzee huu sibadiliki."

Mama Kodi aliegemea kitanda cha jirani. "Ukiandika maziwa kopo," alisema polepole, "unamaanisha nini?"

"Namaanisha nilichoandika. Mama amekamua, mtoto amekunywa kwa kopo."

"Na maziwa ya unga unayaandikaje?"

"Ningeandika maziwa ya dukani. Ila toka nije wodi hii sijayatia mkononi. Watayatumia ya nini? Hawa akina mama wanakamua hadi vidole vinakufa ganzi."

Katikati ya maziwa na kopo palikuwa na neno dogo ambalo Sista, kwa haraka ya kazi, aliliacha nje. Mama Kodi, kwa uhodari wake, alikuwa amelijaza. Sista alimaanisha kwa. Yeye alisoma ya. Juu ya silabi hiyo wanawake wangapi walisimama koridoni wakaomba radhi kwa kuwalisha watoto wao maziwa yao wenyewe?

Alikwenda hadi kitanda cha mkwewe. Kasuku alikuwa bado amegeukia ukuta. Mama Kodi hakukaa ukingoni safari hii. Alizunguka, akapiga magoti pale penye nafasi ndogo kati ya kitanda na ukuta, ili wakutane uso kwa uso, na wodi nzima ikamwona mtu mzima yuko sakafuni.

Alimweleza yote. Hakujipunguzia. Alisema namba ni yake, kidole ni chake, na njia rahisi ni maneno ya kinywa chake. Alisema alimuuliza kuhusu kopo moja, yeye akamjibu kuhusu kopo jingine, na aliyepaswa kuuliza swali la pili hakuwa mzazi mwenye kidonda, ni mtu aliyekuwa na nguvu za kupanda na chupa ya chai.

"Nisamehe mwanangu," alisema. Akasikia alichosema: yalikuwa maneno yale yale ya darasani. Safari hii yalikuwa kwenye mdomo wa anayestahili kuyasema.

Kasuku alimtazama. Machozi yalikuwa yanapita kwenye daraja la pua, yanaingia jicho la upande wa pili.

"Yaani mama," alisema kwa sauti ya kukwaruza, "siku zote hizo ulidhani nina kopo zima la dukani chini ya mto?"

"Nilidhani."

"Na mimi nikakwambia limetuokoa."

"Tena ulikuwa unacheka."

Kicheko kilimtoka Kasuku kwanza kama kikohozi, kisha kikamshika barabara, akashika tumbo kwa maumivu ya kidonda, akaomba asichekeshwe, akacheka tena. Mama Kodi naye, magoti sakafuni, akacheka huku analia, kitu ambacho hakuwahi kufanya mbele ya watu. Na katikati ya kicheko hicho Kasuku alinyamaza ghafla, akatazama kifuani. Kanga ilikuwa imelowa.

"Yanashuka," alinong'ona. "Mama, kopo."

Mama Kodi alilishika yeye. Sista alimwonyesha namna ya kuliinamisha. Aliukanda mgongo wa mkwewe kwa mkono mmoja, polepole, kama alivyokandwa yeye zamani na mtu ambaye hayupo tena, na kwa mkono wa pili akapokea tone, kisha tone, kisha uzi mwembamba mweupe. Kopo lilijaa polepole. Kibiriti alipowekewa ukingo wake mdomoni alitoa ulimi kama paka, akanywa, akakunja uso, akadai zaidi.

Mama Kodi hakurudi mezani kwake kupumzika. Aliketi na Sista, mafaili ya wodi ya njiti wakayapitia yote, na kila palipokuwa na mwandiko ule mnene, Sista akathibitisha kwa sahihi yake, Mama Kodi akafuta Mbili akagonga Moja. Alipofika kwa Kibiriti alimwomba mwenzake wa mezani agonge yeye. Kisha alikwenda koridoni. Darasa lilikuwa linaendelea. Alimwomba mshauri dakika, akasimama mbele ya benchi, akawaambia wale wanawake wa wodi ya njiti kwamba hakuna kati yao aliyempa mwanawe maziwa ya dukani, kwamba ofisi ndiyo iliyosoma vibaya, na aliyesoma ni yeye. Akawaomba radhi. Mmoja, yule aliyetakiwa kurudia kwa sauti kubwa siku ile, aliyebaki wodini kwa sababu mtoto wake alikuwa hajatimiza uzito na sasa amekuja kusikiliza, alimuuliza kama anaweza kurudia tena hayo. Akarudia.

Kesho yake aliitwa kwa mkuu wa ubora.

Kijana hakuwa na hasira. Hilo ndilo lililofanya mambo kuwa magumu. Alimvutia kiti mwenyewe. Alisema kosa la kusoma analielewa, hata yeye alipaswa kushtuka na kupanda wodini badala ya kutazama mstari wa ukutani. Lakini ripoti ilikuwa imeshakwenda juu, wakaguzi walikuwa njiani, na hospitali inayobadilisha namba zake wiki ya ukaguzi inafanana na hospitali inayopika namba. Tena katika mafaili yaliyobadilishwa, mkwe wake yumo.

"Watasema nini, mama?"

"Watasema nimembeba mkwe wangu."

"Umeona. Namba nitazitetea, nakuahidi. Ila lile la kusimama koridoni ukawaambia wagonjwa kwamba ofisi imekosea, hilo limewaudhi wakubwa. Wanataka barua. Fupi tu. Uombe radhi kwa kuvuruga darasa na kutoa mambo ya ofisi nje. Nitaipeleka mwenyewe, yataisha."

Alitelezesha karatasi juu ya meza, akaweka kalamu yake juu ya karatasi, kofia ya kalamu ameshaitoa.

Mama Kodi aliitazama. Aliijua kazi yake, alijua umri wake, alijua pia kwamba watu wa umri wake hawatafutiwi kiti kingine kwa urahisi. Nje, chini ya dirisha, kwenye kivuli cha mashuka yaliyoanikwa, mwanawe alikuwa amesimama na mfuko, na Kasuku amemfunga Kibiriti kifuani, ruhusa mkononi, wanamsubiri waende wote nyumbani. Kasuku alikuwa anazungumza. Alizungumza na mtoto, akazungumza na mfuko, akamweleza mlinzi wa geti kisa chote tangu mwanzo, na mlinzi, ambaye hakuuliza, alikuwa anatikisa kichwa. Sauti yake ilipanda hadi ndani ya ofisi.

"Niliowakosea nimewaomba radhi, baba," alisema Mama Kodi. "Waliokwisha kwenda kwao nitawafuata wakirudi kliniki."

"Najua. Hii ni nyingine. Ni maneno tu, mama. Yaandike uende nyumbani."

Mama Kodi alimtazama yule kijana kwa huruma, kama mtu anayemsikia mwingine akitamka maneno aliyowahi kuyatamka mwenyewe. Alichukua kofia ya kalamu, akaivisha kalamu, akairudisha upande wa pili wa meza.

"Siombi radhi," alisema.